Mahema Sita ya Wifi

Wifi yangu hapakii hata pakiti ya chumvi bila kuipima. Ndiyo sababu wapagazi walimpa jina la Mizani, na jina likamganda mpaka mama mkwe wangu, aliyemzaa, analitumia. Juu ya mlango wa ghala la kampuni ya safari za milimani anakofanya kazi, kwenye ndoano aliyoigongomea mwenyewe, inaning'inia mizani ya chuma, na hakuna mzigo unaotoka uani bila kupita hapo. Mpagazi habebi zaidi ya kilo ishirini. Mshale ukisoma ishirini na moja, Mizani anafungua gunia, anatoa viazi, anafunga upya. Siku moja nilimwambia, "Wifi, viazi vitatu vitamuua mtu?" Akanijibu bila kuinua macho, "Kavibebe siku tano, halafu urudi tuongee."

Niseme mapema, msije mkanilaumu baadaye: mimi na yeye hatukuanza vizuri. Nilipoolewa na kaka yake nilijiandaa kwa wifi wa kawaida, wa kuja kufunua masufuria na kusema kaka amekonda. Huyu alikuja na buti zenye matope, akala sahani mbili, akalala kwenye kochi kama gogo, na alfajiri akaondoka na blanketi langu jipya. Blanketi lilirudi baada ya wiki, limefuliwa, linanukia moshi. Nikamwambia mume wangu, "Dada yako ana wazimu." Akacheka. "Hana wazimu," akasema. "Ana mlima."

Kazi yake ya kwanza hapo kwenye kampuni ilikuwa kufua. Mashuka, mifuko ya kulalia, soksi za wageni ambazo hata paka angezikimbia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Asubuhi moja mpagazi hakutokea, gari linanguruma, na bosi akapiga kelele uani, "Sasa nani atabeba hili gunia?" Yeye akafuta povu mikononi akasema, "Mimi." Watu walicheka mpaka dereva akazima gari. Wakasema atarudi kutoka kambi ya kwanza. Hakurudi. Safari iliyofuata wakasema tena atarudi kutoka kambi ya kwanza, na iliyofuata pia, na wengine waliendelea kusema hivyo miaka tisa, hata wale waliokuwa wanamfuata nyuma wakihema. Katikati ya hapo akasoma masomo ya jioni, akajifunza kufunga mfupa uliovunjika na majina ya majani yote ya juu kule, akapata cheti cha uongozaji. Wakampa kazi ya kiongozi msaidizi. Miaka mitano akatembea mwisho wa msafara pamoja na wenye malengelenge na wenye kulia.

Kwa hiyo mtaelewa siku ile nilivyoshtuka. Nilikuwa nimepeleka makoti ya mvua niliyoyatia zipu, nimekaa barazani pa ofisi, mlango uko wazi. Bosi akamwambia, "Safari ya wauguzi iongoze wewe. Siku tano, kulala mara nne. Ikienda sawa, wewe ni kiongozi mkuu kuanzia hapo. Ikiharibika, turudi tulivyokuwa, na usinijie tena na ombi hilo." Mizani akasema, "Sawa, bosi," kama mtu aliyeambiwa akanunue sabuni. Akatoka, akanipita, akaenda nyuma ya ghala. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa, viganja viwili mdomoni, mabega yanatikisika. Sikujua analia au anacheka.

"Wifi," akaniambia, "usimwambie kaka kwanza. Ngoja niwarudishe watu wazima chini, ndiyo umwambie."

Nilimwambia mume wangu jioni ileile. Mimi si mtu wa kukaa na habari tumboni.

Maandalizi yakaanza wiki tatu kabla, na hapo ndipo nilipoingia mimi na kiherehere changu. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kiko barabarani, kimebanana na duka la kuchaji betri, nina cherehani mbili, moja ya nguo na moja nzito ya turubai na mikoba. Nashona sare za shule na aproni za hospitali, na kwa kusema kweli, mshono wangu haufumuki. Nguo itachanika pembeni, mshono uko palepale. Najisifu, ndiyo, nani atanisifia?

Mizani aliniletea mahema sita ya wageni, yamekunjwa kama mikate. Mahema mengine ya kampuni yalikuwa mlimani na kundi jingine, kwa hiyo safari ya wauguzi ilitegemea hayo sita. Alikuwa ameyakagua usiku kucha na kila palipochanika amepazungushia chaki nyeupe. "Ziba penye chaki tu," akasema. "Pengine paache." Akaondoka mbio, maana siku ile alikuwa anakwenda kupima gesi ya majiko.

Nikaziba penye chaki. Kazi safi. Lakini hema la mlimani lina ngozi mbili: ya ndani, nyepesi, yenye wavu, na ya nje ya kuzuia mvua. Nilipoigeuza ile ya nje nikaona juu kabisa, karibu na kilele, kuna mwanya, umefunikwa na kijikope cha kitambaa, kama mfuko wa shati uliofumuka chini. Huku mmoja, upande wa pili mmoja. Hema la pili hivyohivyo. Mianya kumi na miwili, na hakuna hata mmoja wenye chaki! Nikatikisa kichwa. Nikasema, wifi ana macho ya kuona kilele cha mlima, tundu lililo mbele ya pua halioni. Nikaona huruma. Nikasema acha nimfichie aibu yake, nimpe zawadi. Nikaishona yote kwa mshono wa mara mbili, uzi wa nailoni, nikiimba.

Nikamrudishia Jumanne. Alikuwa na orodha ndefu ya mambo na mpishi alikuwa anamngoja kwa ugomvi wa sufuria. Akayapokea, akayapanga ghalani bila kuyafungua.

Jumatano wauguzi walikuja kukaguliwa mizigo. Kumi na mmoja wa wodi moja, na mbele yao sista mkuu wao, mama wa miaka sitini na moja aliyestaafu mwezi uliopita. Safari ilikuwa zawadi waliyomchangia. Mizani akatandika turubai uani akasema, "Kila mtu amwage vyake hapa." Wakacheka wakidhani ni utani. Vikamwagwa. Pasi ya umeme. Kandambili jozi nne za mtu mmoja. Mto wa kitandani wenye foronya ya maua. Kila kimoja alikishika, akamuuliza mwenyewe, akakiweka kulia au kushoto. Alipofika kwa sista mkuu akakuta saa ya mezani, ya kengele, ya zamani.

"Mama, na hii?"

"Nimeamka nayo miaka thelathini na minane, binti yangu."

Mizani akaipima. Akatafakari. Akatoa kwenye mkoba wa yule mama kopo la mafuta ya kujipaka lenye uzito uleule, akaiacha saa. Nilikuwa nimekaa pembeni nikishona vifungo vya koti la mtu, na nikasema moyoni, huyu mwanamke ana akili ya peke yake.

Kisha akawapandisha ngazi za jengo la jirani, ghorofa sita, mara tatu, na buti na mikoba mgongoni. Yeye nyuma yao, macho kwenye visigino vyao. Waliokuwa na buti mpya aliwakalisha chini, akawavua soksi kwa mikono yake, akabonyeza. "Hapa patatoka lengelenge siku ya pili. Kuanzia leo vaa hizi nyumbani. Fulia nazo, pikia nazo, kuoga tu ndiyo uzivue." Muuguzi mmoja kijana akanong'ona kwamba hata sista wao wodini hakuwa mkali hivi. Sista mkuu akamsikia. "Nilikuwa mkali zaidi," akasema, "na hamkufa."

Waondoke Jumamosi asubuhi, ndivyo ilivyopangwa.

Alhamisi ikafika siku ya birika. Hii ni desturi ya Mizani na sijasikia mwingine mwenye nayo. Kabla ya kila safari anayasimamisha mahema yote uani, anachemsha birika la maji, anaingia nalo ndani ya hema moja baada ya jingine, kifuniko wazi, anafunga zipu, anakaa nusu saa. Mpishi anaiita bafu la mvuke. Wapya wote huona ni kichekesho. Lakini ukimuuliza atakwambia: binadamu akilala anapumua maji. Watu wawili wakilala hemani usiku mmoja, wanatoa maji ya kujaza vikombe viwili, na maji hayo lazima yapate pa kutokea.

Nilikuwa nimekuja makusudi kuchukua sifa zangu. Nimekaa kwenye ngazi ya ghala na kikombe cha chai, mguu juu ya mguu. Mizani akaingia hema la kwanza. Hata robo saa haikufika, zipu ikafunguka, akatoka nywele zimelowa, uso unatiririka. Hakunitazama mimi. Alitazama juu ya hema. Akainua kile kijikope kwa kidole.

"Wifi," akasema polepole, "hapa nani kapashona?"

"Mimi!" nikasema. "Uliyasahau hayo, hukuyatia chaki. Nimekuzibia yote kumi na mawili, na wala sikudai shukrani."

Akafumba macho. "Wifi yangu, hayo ni madirisha."

"Madirisha ya nini huko juu? Ya kuchungulia ndege?"

"Ya kutolea pumzi."

Waliotutangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimeziba ufa na ukuta nimeujenga. Chai ilinipalia. Nilitamani anifokee, maana kufokewa nakujua, nafokea watu kila siku. Hakufoka. Alikaa chini kwenye nyasi akanieleza kama anayemweleza mtoto. Kambi ya tatu maji ya chupa yanaganda usiku. Pumzi isipotoka inashika paa, inarudi matone, inalowesha mfuko wa kulalia, na mfuko uliolowa hauna joto tena. "Mwaka wangu wa nne wa kubeba," akasema, "mwenzetu mmoja aliziba tundu la hema letu kwa gazeti, baridi ilimzidi. Asubuhi hakuhisi miguu. Alishushwa mgongoni mpaka getini." Akajigusa mgongoni. "Mgongo ulikuwa huu."

Bosi alikuwa amesikia kelele za mpishi, akatoka ofisini. Akaona hema, akaona mshono, akapandwa na hasira. "Fundi gani mpumbavu aliyefanya hivi?"

Kikombe kiko mkononi mwangu. Uzi wa nailoni ule ule umening'inia kwenye mfuko wa gauni langu. Na mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nijue kusema, nilikosa.

"Kosa ni langu, bosi," Mizani akasema. "Mimi ndiye niliyeyapokea, nikayaweka ghalani bila kuyafungua."

Bosi akatikisa kichwa. "Unaanza vizuri," akasema, na akarudi zake ndani.

Tulifumua mpaka giza lilipoingia, yeye upande huu na mimi upande ule, kwa wembe na sindano, mshono mmoja mmoja. Mshono wangu haufumuki, nimeshawaambia. Siku hiyo niliulaani. Nilingoja aniseme kwa kule kunyamaza kwangu. Hakunisema. Neno alilonipa ni moja tu: "Taratibu, usikate kitambaa."

Ijumaa asubuhi akaleta ndoo. Kwake hema lililoguswa na sindano halijapona mpaka limemwagiwa maji. Akamwaga juu ya la kwanza, akaingia, akaniita nione. Kila palipopita sindano yangu pamebaki kijitobo, safu mbili huku, safu mbili kule, na maji yalikuwa yanachuruzika humo na kudondoka pale ambapo mgeni angeweka kichwa. Mahema yote sita. Gundi ya mishono ilikuwepo ghalani, lakini gundi hiyo inataka karibu siku nzima kukauka, na ikilowa kabla haijakauka ni kama hukuipaka.

Akaenda kumwambia bosi. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Tuondoke Jumapili," akasema.

"Wageni wana likizo ya wiki moja. Magari yameshapangwa. Mnaondoka kesho."

"Mahema yanavuja, bosi."

"Vijitobo vya sindano! Nani atavihisi? Manyunyu tu ya huko juu."

"Wao watavihisi, usiku wa tatu."

Bosi akaweka kalamu chini. "Sikiliza. Nimekupa nafasi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuipata hapa. Unataka kuitupa kwa sababu ya vijitobo? Kesho unaongoza, au huongozi?"

Mimi ningesema naongoza. Wallahi ningesema, na ningeomba Mungu mvua isinyeshe. Miaka kumi na minne unasubiri mlango, ukifunguliwa unauliza bawaba zake? Mizani alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ndani ya mahema haya siongozi mtu kulala," akasema.

"Basi," bosi akasema, na akachukua simu akampigia Mzee wa Filimbi.

Mzee wa Filimbi ndiye kiongozi mkongwe kuliko wote, miaka thelathini mlimani, anatembea na filimbi shingoni hata sokoni. Alikuwa mmojawapo wa wale waliosema wifi atarudi kutoka kambi ya kwanza. Alizoea kusema mwanamke mlimani ni wa kubebewa, si wa kubeba. Nilimwona anaingia getini saa tisa alasiri na fimbo yake, nikasema kimoyomoyo, hapa wifi yangu kwisha habari yake, na muuaji ni mimi.

Bosi akamweleza: kuna mama hapa anaogopa matone, kesho wewe utaongoza. Mzee akauliza mahema yamepatwa na nini. Bosi akaanza, "Huyu alimpa kazi fundi asiyejua..."

Hapo miguu yangu ikanipeleka mbele yenyewe. "Fundi mpumbavu uliyemuuliza jana ni mimi, bosi. Yeye alinipa kazi kwa chaki, pa kushona na pa kuacha. Mimi nikajiona najua zaidi. Nilimsikia akijitwika kosa langu na nikanyamaza, nimekaa nakunywa chai yako. Kama ni kumnyima mtu kazi, ninyime mimi."

Mizani akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, ilikuwa haina haja." Nikamwambia anyamaze, zamu yake ya kusema ilipita jana.

Mzee wa Filimbi akaegemeza fimbo ukutani. Akavaa miwani. Akavua koti, akalikunja, akaingia hema la kwanza kwa magoti, na humo ndani tukasikia, "Mwageni." Mpishi akamwaga ndoo nzima. "Nyingine." Akamwaga nyingine. Mzee akatoka mabega yamelowa, tone linaning'inia kwenye filimbi. Akajifuta taratibu, mpaka nikataka kumfuta mimi ili aharakishe.

"Miaka thelathini," akasema, "sijawahi kumwagia hema maji kabla ya safari. Mara ngapi nimelala kwenye maji na wageni wangu, tukasema mlima una maji." Akamgeukia bosi. "Kesho hapa haondoki mtu. Na mimi usiniite tena kwa safari ya mwenzangu." Akachukua koti lake na fimbo. Alipompita Mizani akasimama, akampa mkono. Kisha akaenda zake.

Bosi alibaki ameshika kiuno. Mtu mkali si lazima awe mbaya. Alikuwa na hofu na jina la kampuni yake, na hofu ilikuwa imegeuka ukali. Mwishowe akasema, "Jumapili. Lakini kesho saa kumi jioni ndoo naishika mimi. Likivuja hata moja, naifuta safari, wauguzi warudi wodini, na habari ya wewe kuongoza isisikike tena humu uani."

Mizani akampigia simu sista mkuu palepale. Angeweza kusema magari yameharibika. Alimwambia ukweli wote, madirisha, vijitobo na siku itakayopotea. Nilisikia yule mama akicheka upande wa pili. "Binti yangu, nimengoja miaka thelathini na minane. Siku moja ndiyo itaniua? Paka hiyo gundi."

Nikaipaka mimi. Nilimkatalia kabisa asiguse brashi. Tulitandaza zile ngozi za nje ghalani, madirisha wazi, na mimi nikapita kijitobo kimoja kimoja, mia mbili na kitu kwa kila mwanya, ndani na nje. Nilijua kila kimoja kilipo kwa sababu nilikitoboa mimi. Mgongo uliniuma, macho yakaniwasha. Mizani alikuwa upande wa pili wa ghala akifunga vyakula kwa siku: cha siku ya kwanza juu, cha mwisho chini, biskuti na sukari zikiwa mahali ambapo mkono uliokufa ganzi utazifikia gizani bila kufungua kitu kingine. Kila fungu lilikuwa na alama yake ya uzi wa rangi. Alimwaza hata mtu asiyeona vizuri. Alimwaza hata mtu anayelia. Nilimtazama nikaona aibu ya miaka yote niliyosema ana wazimu, nikamwambia.

"Wifi, nisamehe."

"Kwa madirisha au kwa chai?"

"Kwa vyote."

"Madirisha nimeshasamehe," akasema. "Chai nafikiria." Akanirushia kiazi. Nilijua hapo kwamba tumeelewana.

Jumamosi saa kumi kasoro, mahema sita yalikuwa yamesimama uani. Wapagazi walikuja ingawa hawakuitwa, wakasimama ukutani. Bosi akakunja mikono ya shati, akachota maji. "Nani anaingia?"

"Aliyeshona," Mizani akasema.

Nikaingia la kwanza, nikafunga zipu, nikakaa katikati nimekumbatia magoti. Maji yakapiga juu kwa kishindo. Nikapapasa kila mahali kwa kiganja. "Kavu!" La pili, kavu. La tatu, la nne. Kwa la tano bosi alimwaga ndoo tatu, naamini alikuwa ananikomoa. Kavu. Nje nikasikia wapagazi wanahesabu kwa sauti.

La sita ndilo nililolipaka mwisho, usiku, mkono umechoka. Nikafunga zipu. Ndoo ya kwanza ikaja. Ya pili ikaja. Na hapo hapo nikahisi tone linadondoka mgongoni mwa mkono wangu, na jingine. Nikainua macho, nikapapasa kilele, huku na huku, nikapitisha vidole kwenye kila safu ya gundi. Pakavu kabisa. Tone jingine likadondoka. Nikagusa uso wangu.

"Wifi?" Ilikuwa sauti ya Mizani, na katika miaka yote ya kumjua sikuwahi kuisikia ikiwa na woga. "Wifi, kuna maji?"

"Yapo," nikasema.

Nje hesabu ya wapagazi ikakatika.

"Si ya hema," nikasema, nikipambana na kwikwi. "Ni yangu."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Nikasikia bosi akikohoa, kisha akasema, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kiongozi. Magari yatakuwa tayari." Wapagazi wakapiga makofi na mluzi, mpishi akagonga sufuria. Zipu ikafunguka, Mizani akaingia kwa magoti na buti zake, uso umelowa, akaifunga nyuma yake watu wasituone.

"Umenitoa roho, mwanamke wewe," akasema, akaangua kilio cha miaka kumi na minne. Nikamshika. Tukalia humo wawili, zipu imefungwa, tukipumua kama ng'ombe waliopanda mlima, na paa la hema halikudondosha hata tone.